MAMBO YA MICHEZO: Aliyeufungua Mlango wa Kilabu

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini, wasomaji wangu, si kila mcheza kwao hubahatika kuitwa kucheza ugenini kwa jina la nchi yake. Katika kila mchezo wako watu walio mashujaa wa jimbo lao, wanaosifiwa katika viwanja vya nyumbani, na ambao sifa zao hazivuki mpaka. Wiki hii napenda kuwapasheni habari za mmoja wa watu wa namna hiyo, Bwana Raj Singh wa Dungarpur, katika nchi ya India. Bwana huyu hakuichezea nchi yake hata mechi moja ya kimataifa. Na juu ya hayo, mambo ya kriketi ya India hayawezi kuelezwa sawasawa pasipo kulitaja jina lake. Nimemchagua kwa kuwa maisha yake yana fundisho kwa kila mtu aketiye katika halmashauri, ikiwa ni ya kilabu, ya shule, au ya chama cha ushirika.

Najua kwamba wengi wenu ni watu wa kandanda. Basi nieleze kwa ufupi. Katika kriketi timu moja hupiga mpira kwa gongo na kukusanya mikimbio, na timu ya pili huurusha mpira na kuwatoa wapigaji mmoja mmoja. Mrushaji akimtoa mpigaji, huandikiwa wiketi moja. Mechi kubwa kuliko zote, ziitwazo Testi, huchezwa baina ya taifa na taifa kwa muda wa siku tano.

Raj Singh alizaliwa tarehe 19 Desemba, 1935. Baba yake, Maharawal Lakshman Singh, alikuwa mtawala wa Dungarpur, moja ya zile nchi ndogo za wafalme zilizoingizwa katika jimbo la Rajasthan baada ya India kupata uhuru mwaka 1947. Kijana huyu basi alizaliwa katika jumba la kifalme, lakini zama za wafalme zilikuwa zikifika ukingoni. Alichokipata kwa jasho lake mwenyewe alikipata uwanjani. Alikuwa mrushaji wa mwendo wa wastani, naye kati ya mwaka 1955 na mwaka 1971 alicheza mechi 86 za daraja la kwanza, akapata wiketi 206. Hesabu hiyo ni ya kuheshimiwa, ila si ya kumfanya mtu aitwe timu ya taifa. Hanumant Singh ndiye aliyeitwa. Naye alipocheza Testi yake ya kwanza huko Delhi mwaka 1964, dhidi ya Uingereza, alifunga zaidi ya mikimbio mia. Raj Singh alibaki kuwa mchezaji wa jimbo.

Na jimbo lenyewe lilikuwa na msiba wake. Mashindano makubwa ya majimbo huko India huitwa Kombe la Ranji. Tangu msimu wa 1960-61 hata ule wa 1973-74, Rajasthan walifika fainali mara nane, na mara zote nane walishindwa. Katika hizo nane, saba walishindwa na timu moja tu, Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 huitwa Mumbai. Msomaji na afikiri mwenyewe hali ya mtu anayefanya kazi mwaka mzima, akafika mlangoni, na kila akifika humkuta mlangoni mtu yule yule amesimama. Wengine wangeuchukia mchezo, na wengine wangemchukia Mbombay. Raj Singh alifanya kinyume. Alihamia Bombay kwa wale waliokuwa wakiwashinda, akafanya makao yake katika Kilabu ya Kriketi ya India, na baadaye, tangu mwaka 1992 hata mwaka 2005, akawa rais wake.

Hapa ndipo nifikapo kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kilabu hiyo, yenye uwanja mashuhuri wa Brabourne, ilianzishwa mwaka 1933, nayo ilikuwa na kanuni kali kama zilivyo kilabu za wakubwa popote. Kanuni moja ilisema kwamba mtoto asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuingia katika chumba cha wachezaji. Katika miaka ya 1980 alitokea kijana mmoja wa mji ule, umri wake miaka 14, baba yake mwalimu na mwandishi wa vitabu. Kijana alikuwa akiwapiga warushaji watu wazima kama mtu apurae mtama. Alistahili kuichezea kilabu, lakini kwa kanuni hakustahili kuvaa viatu vyake ndani ya mlango wa wachezaji.

Sisi tushikao kalamu ofisini twaijua hali hii vizuri. Mtu huja dirishani na haja ya haki, karani hufungua kitabu cha kanuni, akamwonyesha mstari, na neno limekwisha. Kufanya hivyo si kosa, kwa maana kanuni ni ngome, na ofisi isiyo na kanuni ni soko. Lakini kanuni ya umri ile iliwekwa ili watoto watukutu wasiwasumbue wachezaji. Haikuwekwa ili mchezaji asicheze. Raj Singh pamoja na mkubwa mwenzake wa kilabu, Madhav Apte, ambaye yeye aliwahi kuichezea India, waliiona tofauti hiyo. Hawakumpitisha kijana kwa mlango wa nyuma kama watu waibao. Walihakikisha kanuni yenyewe imebadilishwa, kijana akaingia kwa mlango wa mbele. Jina lake Sachin Tendulkar.

Mwaka 1989 Raj Singh alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuchagua timu ya taifa. Kamati yake ilimpeleka Tendulkar kwenda kucheza Pakistani, akiwa na miaka 16 tu. Watu waliogopa kwamba warushaji wakali wa Pakistani watamvunja mtoto. Kweli, huko Sialkot mpira ulimpiga puani, damu ikamtoka. Naye akakataa kuondoka uwanjani, akaendelea kupiga. Alipostaafu mwezi wa Novemba mwaka 2013 alikuwa amecheza Testi 200, na alikuwa amefunga mikimbio mia au zaidi mara 100 katika mechi za kimataifa. Hata Wakenya walionja gongo lake: katika Kombe la Dunia la mwaka 1999, siku chache tu baada ya kufiwa na baba yake, aliifunga Kenya mikimbio 140 huko Bristol asitolewe.

Hivyo ndivyo mlango mmoja uliofunguliwa unavyoweza kuzaa. Lakini mwandishi asemaye upande mmoja tu hamtendei haki msomaji wake. Kiti cha mkubwa kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwafungulia mlango wanaostahili. Ya pili ni kulinda nyumba baada ya mlango kufunguliwa. Katika kazi ya pili mambo ya wakati wa Raj Singh hayakunyoka vivyo hivyo.

Kamati yake ndiyo iliyomfanya Mohammad Azharuddin kuwa nahodha wa India mapema mwaka 1990, akiwa na miaka 26, ili ajenge timu ya vijana. Azharuddin aliongoza Testi 47 na kushinda 14, idadi ambayo hakuna nahodha wa India aliyekuwa ameifikia kabla yake. Kisha Raj Singh akawa rais wa Bodi ya Kriketi ya India, tangu mwaka 1996 hata mwaka 1999. Katika mwaka 1997 ulienea uvumi kwamba wachezaji wanapokea fedha za wacheza kamari ili waharibu michezo. Bodi ilimweka jaji mkuu wa zamani, Bwana Y. V. Chandrachud, achunguze. Yeye hakuona ushahidi wa kumtia mtu hatiani, na taarifa yake ikakaa bila kutangazwa kwa watu. Mwaka 2000 jambo lililofunikwa lilifumuka. Polisi wa uchunguzi wa India walitoa taarifa yao, na mwezi wa Desemba mwaka huo Azharuddin alifungiwa maisha na Bodi. Ilipofika mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Andhra Pradesh iliitangua adhabu hiyo, ikasema haikutolewa kwa njia ya sheria. Lakini imani ya watu waliolipa kiingilio haikurudishwa na mahakama yoyote.

Simlaumu Raj Singh kana kwamba yeye ndiye aliyepokea fedha. Hakuna aliyemshtaki hivyo. Nasema tu kwamba taarifa iliyofungiwa kabatini huoza kama mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa mabichi. Kwa nje gunia linapendeza, na siku ya kulifungua hakuna cha kula.

Habari hizi haziko mbali nasi kama zinavyoonekana. Tarehe 28 Mei, 1998, huko Gwalior, wakati Raj Singh akiwa rais wa Bodi, timu ya Kenya iliishinda India nyumbani kwao kwa mikimbio 69. Nguzo ya ushindi huo alikuwa Maurice Odumbe. Mwaka 2003 Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, jambo ambalo mataifa mengi tajiri kuliko sisi yamelikosa. Wakatolewa na India hiyo hiyo huko Durban. Baada ya hapo ilikuwaje? Mwezi wa Agosti mwaka 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na wacheza kamari. Wachezaji wakagoma, viongozi wakagombana kwa ajili ya fedha na vyeo, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi kamili za kimataifa za siku moja. Mikono ya kurusha na kupiga ilikuwapo. Kilichopungua ni watu wa kuketi katika viti na kuifanya kazi ya viti hivyo. India, ambao nao walipatwa na aibu kama ile, waliendelea kujenga. Mwaka 2000 kilifunguliwa Bangalore chuo cha taifa cha kuwafunza vijana kriketi, ambacho Raj Singh alikuwa mmoja wa watu waliokipigania sana.

Bwana huyo alifariki dunia mjini Mumbai tarehe 12 Septemba, 2009, akiwa na miaka 73. Mwezi wa Januari mwaka 2011, miezi kumi na sita baada ya kufa kwake, Rajasthan waliishinda Baroda na kulitwaa Kombe la Ranji kwa mara ya kwanza. Na msimu uliofuata wakalitwaa tena. Mzee hakuliona.

Wasomaji wangu, wengi wenu mtachaguliwa mwaka huu katika halmashauri hii au ile. Pengine hamkuwa hodari wa kwanza katika mchezo, au katika kilimo, au katika masomo. Hilo lisiwatie haya, kwa maana aliyekaa mlangoni muda mrefu ndiye ajuaye mahali komeo lilipo. Mkiketi, tazameni kwanza ni nani amesimama nje kwa sababu ya mstari mmoja wa kanuni uliokosa maana, nanyi mkaubadilishe mstari huo mchana, mbele ya wote. Kisha mfungue kabati, mzisome taarifa zilizomo kwa sauti katika mkutano, hata zile zinazomtaja rafiki yenu mliyemchagua wenyewe.