Zawadi Ifungwe kwa Leso, Pesa Ibaki kwa Sukari

Kuna watu wa Kanyangi walio Nairobi na Mombasa ambao hawatafika nyumbani Krismasi hii, na si shida ya nauli peke yake. Ni aibu. Mtu anaangalia alicho nacho, kilo mbili za sukari, mche wa sabuni na leso moja, anaona hicho si kitu cha kumpelekea susu mbele ya majirani. Anaamua kungoja Pasaka. Pasaka ikifika, anangoja Agosti.

Mimi nasema huyo mtu akuje tu. Alicho nacho kinatosha, ila amekibeba kama shopping. Sukari ikitoka kwa mfuko wa supamaketi ni shopping. Sukari hiyo hiyo ikitoka ndani ya leso iliyofungwa fundo safi ni zawadi. Tofauti hapo ni mikono yako na dakika tano, si pesa.

Lakini tumefundishwa kwamba zawadi bila karatasi ya kung'aa haijakamilika. Hebu tupige hesabu. Tuseme karatasi moja na utepe wake ni shilingi 50, na una watu kumi wa kupea. Hiyo ni 500. Ongeza kidogo unapata kilo tatu za sukari, au vitabu vya mtoto anayefungua shule Januari. Hiyo karatasi itararuliwa saa nne asubuhi, na kabla ya saa sita imepeperuka hadi kwa shamba la kunde. Nyingi hata haziwaki vizuri jikoni kwa sababu zina plastiki juu. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 nchi hii imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa sheria iliyotaja faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Sisemi karatasi ya zawadi iko ndani ya sheria hiyo. Nasema mbuzi anayeimeza hajui tofauti.

Leso ndiyo kiboko yao. Inauzwa jozi, kwa hivyo vipande viwili vinafunga zawadi mbili. Weka kitu katikati, kutanisha pembe mbili zinazotazamana ufunge, halafu pembe zingine mbili juu yake, na hilo fundo linakuwa mkono wa kubebea. Mvua za Desemba zikikupata mzigo ukiwa kwa carrier ya basi, leso italowa na kukauka, karatasi itakuwa uji. Na mama akishafungua, kilichofunga pia ni chake. Jambo moja tu: soma maandishi ya leso kabla ya kununua. Kuna leso zinazotukana kwa upole sana, na hutaki mama mkwe wako aisome kwa sauti mbele ya wageni.

Ukidhani haya ni mambo ya umaskini, angalia Japani. Kule wana kitambaa cha kufungia vitu kinachoitwa furoshiki, na mwaka 2006 waziri wao wa mazingira, Yuriko Koike, alikipigia debe ili watu wapunguze mifuko ya plastiki. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Profesa Wangari Maathai wetu alikuwa ametembea Japani, akalipenda neno lao mottainai, yaani uchungu wa kuona kitu kizuri kikitupwa bure, na akalizungusha dunia nzima. Kwa hivyo tusione haya kufanya kitu ambacho nchi tajiri inajivunia.

Kiondo nacho kisisahaulike, maana huku Ukambani ndio nyumbani kwake. Ukimpelekea mtu vitu ndani ya kiondo cha mkonge, umempea mara mbili. Na kama unataka kirudi, usijali, chombo huku hakirudi kitupu. Msimu huu ni wa embe. Utashuka Nairobi nacho kizito kuliko ulivyokipeleka. Ndoo yenye kifuniko pia inafaa, na Kitui hakuna nyumba itakayokwambia ndoo zimetosha.

Kwa watoto ninapenda karatasi ya khaki. Nunua vitabu vya kuandikia, uvifunge kwa khaki na kamba ya mkonge, na shule zikifunguliwa Januari hiyo khaki inakuwa jalada. Kalenda ya mwaka unaoisha nayo ina upande wa nyuma mweupe na mgumu, mtoto anaweza kuchora juu yake kwa kalamu za rangi. Kata Januari hadi Novemba, Desemba iwachwe ukutani kwanza. Gazeti ni sawa kwa nguo na sahani, lakini usifungie mkate au mandazi, wino unashika chakula.

Sasa tuje kwa zawadi ambayo wengi wetu tutatuma, ile ya simu. Watu husema pesa ya simu ni baridi, haina karatasi. Mimi naona iko nayo, na inaitwa ya kutoa. Ukitumia susu 1,000 bila ya kutoa, umempea kazi ya kupunguza. Ukiongeza ya kutoa, anapata noti nzima mkononi, na huo ndio ufungaji mzuri kuliko wowote. Halafu mpigie. Meseji ya pesa huwa inasomwa na mjukuu, sauti yako anaisikia mwenyewe.

Tuma mapema. Tarehe 24 jioni laini ya ajenti inakuwa ndefu na mara nyingi pesa taslimu inaisha, na kumwambia mzee arudi kesho wakati kesho ni Krismasi si zawadi. Angalia jina linalotokea kabla ya kukubali kutuma, namba moja ikikosewa sherehe imehamia boma lingine.

Na kama zawadi yenyewe ni simu, ifunge kwa leso ndogo vile unataka, lakini usiweke karatasi yenye PIN ndani. Laini isajiliwe kwa kitambulisho chake, achague PIN mwenyewe, asiambie mtu, hata wewe uliyenunua. Mwambie pia kwamba msimu huu kuna meseji za "umeshinda zawadi ya Krismasi" na simu za watu wanaodai wametuma pesa kimakosa. Aangalie salio lake kwanza. Akiona hakuna kilichoingia, akate simu, aendelee kupika.