Linux siyo bubu jamani!

Bado niko fildi, Nakapanya. Jana kidato cha pili wamekosa zoezi la kusikiliza, eti kompyuta ya Ubuntu haitoi sauti. Mwalimu mmoja: "Futa hiyo, weka Windows." Ya kuchakachua, bila shaka! Nikamwambia samahani mwalimu, subiri. Nikafungua terminali, nikaandika alsamixer, F6 nikachagua kadi ya sauti. Master ina MM, yaani imezimwa. Nikabonyeza M, nikapandisha. Sauti hiyooo!

Sasa kosa la Linux liko wapi? Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, Kiswahili kitupu, mwaka 2004. Sisi walimu watarajiwa hata ukurasa mmoja wa kurekebisha sauti umetushinda? Wangu nabandika maabara kesho.