Staa Anauza Leza ya Uso, Maelekezo Kayasoma?

Kuna msanii mmoja wa kike, jina kapuni, kila akiingia laivu siku hizi yuko na kimashine cha "leza" cha kulainisha uso nyumbani. Anakipitisha shavuni, taa inawaka, anacheka, kisha anaweka namba ya kuagizia. Mafolowa wanamiminika: "Dada, naomba bei!"

Bei wanapewa. Wanachonyimwa ni kile kikaratasi cha ndani ya boksi.

Nyingi ya hizo wala si leza, ni mashine za mwanga wa IPL, na huja na chati ya rangi za ngozi. Rangi nyeusi imepigwa alama ya X. Yaani mtengenezaji mwenyewe kasema weusi wasitumie! Sababu ni melanini: inanyonya ule mwanga na kuugeuza joto, na ngozi nyeusi inayo nyingi. Matokeo yake ni kuungua, malengelenge, halafu madoa yanayoweza kukaa miezi. Nyingine zina sensa, zikigusa ngozi nyeusi zinagoma kuwaka.

Leza zinazofaa zaidi ngozi nyeusi zipo, kama Nd:YAG ya nanomita 1064, ila hiyo ni kazi ya mtaalamu kliniki, si ya kujipiga mwenyewe mbele ya kioo cha chumbani.

Sasa binti mmoja kakomenti kwamba shavu lake limebaki na doa. Komenti ikafutwa, binti akapigwa bloku. Staa (mwenye filta na meikapu nzito tangu video inaanza) akaposti ofa mpya.

Wadau mlionunua, hebu fungueni boksi mtazame hiyo chati.