Acheni kupiga Windows upya, angalieni mtandao wa mashine pepe

Msimu wa project umefika hapa Moshi, na ule ugonjwa wa laptop kuzima ghafla umerudi hosteli. Mtu anafungua VirtualBox, anawasha Ubuntu aliyoiweka ndani ya Windows, dakika kumi mambo safi, halafu paaap! Skrini ya bluu. Mashine inajiwasha upya. Anajaribu tena, inakuja tena. Jioni korido nzima ushauri ni mmoja tu: "Piga Windows upya." Ambaye hakuridhika anashuka mjini kwa fundi, na fundi anamwambia mazabodi imekufa.

Mimi ushauri huo naupinga kabisa. Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliufuata wiki mbili zilizopita. Akapiga Windows, akasahau kwamba faili la diski ya ile mashine pepe lilikuwa humohumo kwenye C. Ndani yake kulikuwa na project yote: mfumo wa kurekodi kahawa inayopokelewa kwenye chama cha msingi, na data alizozikusanya mwenyewe Kibosho na Uru kwa nauli iliyotoka kwenye boom. Zimekwenda na maji. Na kinachouma zaidi, alipoweka VirtualBox upya na kufuata desa lilelile, bluu ikarudi palepale! Hakuponya kitu.

Ngoja niseme kwa nini. Kwenye lugha ya hizi mashine, ile ya ndani inaitwa mgeni na laptop yenyewe ni mwenyeji. Watu wanadhani mgeni amefungiwa chumbani kwake, akianguka anaanguka peke yake. Kwa mambo mengi ni kweli, Ubuntu inaweza kufa mle ndani na Windows isijue. Mtandao ndiyo habari nyingine. Ukichagua briji, maana yake umetaka mgeni aonekane kwenye mtandao kama kompyuta kamili yenye anwani yake. Ili hilo liwezekane, VirtualBox inaweka draiva yake ndani ya Windows, pale katikati ya kadi ya mtandao na mfumo wenyewe. Draiva hiyo inafanya kazi kwenye kiini cha mfumo. Word ikikosea inafungwa Word tu. Draiva ya kwenye kiini ikigusa kumbukumbu isiyotakiwa kuguswa, Windows inasimamisha kila kitu kwa makusudi ili isiharibu zaidi. Hiyo ndiyo bluu yenu.

Waliokulia huku mlimani wataelewa haraka nikitaja mfongo. Maji yanatoka juu msituni, yanapita kwenye mashamba ya migomba, na kila mtu ana zamu yake. Ukichota ukapeleka nyumbani kwenye pipa, wageni wako wakatumia la pipa, hakuna anayesumbuka. Hiyo ni NAT. Briji ni kumruhusu mgeni aende mwenyewe akatoboe ukingo wa mfereji. Pengine atatoboa vizuri. Pengine shamba zima litajaa maji.

Na sisi tunatumia Wi-Fi, ambako mambo ni magumu zaidi. Kadi nyingi za Wi-Fi hazikubali kutuma data kwa anwani ya MAC isiyo yao, kwa hiyo VirtualBox inalazimika kubadilisha anwani kwenye kila pakiti ya mgeni ili ionekane imetoka kwa mwenyeji. Ni ujanja wa kazi, na mara nyingi unafanya kazi. Lakini weka juu yake draiva ya Wi-Fi ya zamani iliyokuja na laptop ya mtumba, weka antivirus inayochungulia mtandao, weka VPN, halafu mwingine ana VMware pia, nayo ina briji yake kwenye kadi ileile. Jamani, hapo mnategemea nini?

Sasa kabla ya kugusa CD au flashi ya Windows, fanyeni hivi. Kwanza nakili faili la diski ya mgeni, lile la .vdi, uliweke nje ya laptop. Hili halina mjadala. Halafu ingia kwenye mipangilio ya Windows uzime ile ya kujiwasha yenyewe baada ya kuanguka, ili usome kilichoandikwa. Ukiona DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL na jina la faili chini yake, umeshapata pa kuanzia. VBoxNetLwf.sys ni ya briji ya VirtualBox. Jina linaloanza na Netwtw ni Wi-Fi ya Intel. Tcpip.sys au ndis.sys zenyewe ni za Windows, na mara nyingi hizo ni shahidi tu, mkosaji yuko jirani. Kumbukumbu ya ajali inabaki C:\Windows\Minidump, na kuna kaprogramu ka bure kanaitwa BlueScreenView kanakokusomea. Ni kadogo, hakamalizi bando.

Kisha jaribu kitu kimoja kimoja. Washa mgeni bila mtandao kabisa, mwache afanye kazi saa nzima. Akitulia, mpe NAT, saa nyingine. Akitulia tena, rudisha briji. Ikianguka hapo tu, mazabodi yako haina kosa lolote na fundi asikuguse. Ikianguka hata bila mtandao, sawa, tafuta RAM au joto, nitakubali nimeshindwa kesi.

Kwa project zetu nyingi NAT inatosha. Inakuja yenyewe, mgeni anapata 10.0.2.15 na intaneti inapita. Unataka kuona tovuti yako iliyo ndani? Elekeza poti 8080 ya mwenyeji kwenda 80 ya mgeni, basi. Hata simu itaingia kwa anwani ya laptop ukiiruhusu kwenye faiawali. Halafu kwenye sifa za kadi ya Wi-Fi ondoa tiki kwenye ile draiva ya briji ya VirtualBox, ipumzike.

Najua kuna jamaa atasema "mbona wakubwa wanatumia briji kwenye seva kila siku?" Kweli, kwa waya na kadi zilizopimwa kwa kazi hiyo. Na hata wao yamewakuta. Mwaka 2013 seva za VMware ESXi 5.0 na 5.1 zilikuwa zinaanguka na skrini ya zambarau kwa sababu ya kadi ya kuigiza ya E1000 waliyopewa wageni. Mgeni mmoja, seva nzima chini na wageni wote waliokuwamo! Ushauri wa VMware ulikuwa kuhamia kadi ya VMXNET3 wakati kiraka kinasubiriwa. Hakuna aliyeambiwa apige seva upya. NAT nayo si malaika: Novemba 2018 Sergey Zelenyuk alionyesha jinsi ya kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji kupitia kadi hiyohiyo ya Intel ndani ya VirtualBox ikiwa kwenye NAT, toleo la 5.2.20 na ya nyuma yake. Kwa hiyo anayetembea na VirtualBox ya mwaka ule aliyopewa kwenye flashi, aiache leo.

Ombi langu kwa waandishi wa madesa ya maabara, maana wengine mnasoma hapa: ule mstari wa "chagua briji" uondoeni, au muandike ni kwa zoezi gani na kwa waya. Mwanafunzi anafuata kama ilivyoandikwa, na bluu ikimjia wiki ya kukabidhi, sapu ni yake si ya desa.

Mwenye kesi aje na folda yake ya Minidump kwenye flashi. Nipo chumba cha kusomea jioni, umeme ukiwepo. Ila usije ukiwa umeshapiga Windows upya, hapo hakuna cha kusoma.