Urithi wa Askofu Perraudin, ukitazamwa kutoka Nakivale

André Perraudin, Mswisi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliongoza Kanisa la Kabgayi, Rwanda, kuanzia 1956 hadi 1989. Barua yake ya Kwaresima ya 11 Februari 1959 ilikataza chuki na kuwatetea Wahutu wanyonge. Hilo lilikuwa jema. Lakini ilisema pia kwamba mali na madaraka vimo zaidi mikononi mwa watu wa asili moja, yaani Watutsi, ingawa wengi wao walikuwa maskini. Novemba mwaka huo vurugu zilizuka, na nyumba za Watutsi zilichomwa moto. Maelfu walikimbilia Uganda, na baadhi wakapewa makazi Nakivale, kusini mwa Mbarara. Askofu hakuagiza vurugu. Hata hivyo, haki inadai nia yake ipimwe pamoja na machungu ya waliofukuzwa.