Ugomvi wa anwani za intaneti usimwangukie mkulima



Leo naacha kidogo mambo ya ufuta na mikorosho. Mama mmoja mwenye duka la pembejeo hapa Mbekenyera aliniletea simu yake jioni, siku ya mwisho ya kutuma fomu ya kibali. Tovuti ilikuwa imemwandikia kwamba maombi yamezidi kutoka kwenye anwani yake. "Bwana shamba, mimi nimejaribu mara moja tu," akaniambia. Nilimwamini.

Kila kifaa kinachoingia intaneti huonekana kwa anwani, yaani namba. Namba za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala lake kuu liliisha Februari 2011. Kwa hiyo makampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja akifanya fujo, wote mnafungiwa. Ni sawa na magunia ya watu mia kuandikwa jina moja ghalani: likikutwa moja lina mchanga, mzigo wote unakataliwa.

Kwa Afrika anwani hizo hugawiwa na AFRINIC, shirika la wanachama lenye makao Morisi. Kati ya 2013 na 2016 liliipa kampuni moja iliyosajiliwa Shelisheli anwani zaidi ya milioni 6. Baadaye likataka kuzichukua, likidai zinatumika nje ya Afrika kinyume cha makubaliano. Kampuni ikapinga, kesi zikafuatana. Julai 2021 mahakama ya Morisi ilizuia akaunti za benki za shirika hilo, na Septemba 2023 likawekewa msimamizi wa mahakama. Bodi mpya ilipatikana Septemba 2025.

Wengi husema anwani za Afrika zirudi Afrika, basi. Nami naona mgao ufuate mahitaji ya kweli, maana aliyebanwa kwenye anwani moja na wenzake ni huyu mama wa Mbekenyera. Lakini kuna mtu mwingine anayesahaulika. Kampuni ikinyang'anywa anwani, anayezimikiwa ni mteja wake: mwenye duka, zahanati, chama cha msingi. Yeye hakusaini mkataba wowote na AFRINIC, na pengine hajui hata kama ipo. Chama kikigombana na mwenye ghala, je, mkulima azuiliwe magunia yake?

Maoni yangu ni kwamba sheria ya ugawaji itamke wazi: kabla anwani haijaondolewa, watumiaji wa mwisho wapewe taarifa na muda wa kutosha kuhamia kwingine, hata kama kampuni yao ina makosa. Kumlinda mtumiaji kwa kanuni kunawezekana. Tangu Machi 2017 hapa Tanzania unahama mtandao wa simu na namba yako, kwa sababu kanuni ililazimisha.

Mfumo mpya wa anwani upo, na namba zake hazitaisha leo wala kesho. Ningependa TCRA iyabane makampuni yaufikishe hadi kwenye minara ya vijijini, siyo Dar es Salaam tu.

Kwa sasa, ukifungiwa hivyo, zima data, subiri kidogo, washa tena. Mara nyingine utapata anwani nyingine. Ikishindikana piga picha ya ujumbe ule pamoja na saa, ulalamike kwa kampuni yako kwanza. Wasipokusikiliza, peleka TCRA. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA CCC. Na yeyote anayekupigia akitaka namba yako ya siri ili "akufungulie", mkatie simu.

Yule mama tulimwazimia simu ya mtandao mwingine. Fomu ilipita saa tano usiku.