Usingizi wa mchana Irumu: wateja wapo tayari, nyumba ndiyo haipo

Mtu akipita Komanda mchana, saa saba au saa nane, hahitaji kuuliza kama watu wamechoka. Shoferi amelala chini ya kamio lake, kichwa juu ya kipande cha turubai. Msaidizi wake amejikunja juu ya magunia. Mama aliyeshuka na bidoni za mafuta ya mawese amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, mkono mmoja umeshika kamba iliyofunga bidoni zote pamoja. Akivuta mtu kamba, yeye ataamka.

Hao wote wanaulipia usingizi huo, hata kama hakuna bei iliyoandikwa ukutani. Mmoja ananunua soda ambayo hakuitaka ili wamwache akae kwenye kiti cha mgahawa. Mwingine anampa kijana pesa kidogo amchungie mizigo, halafu halali vizuri kwa sababu kijana mwenyewe hamjui. Pesa inatoka, lakini usingizi haupatikani.

Sisi tunaona kwamba nyumba ya kulala saa moja au mbili za mchana, kwa malipo madogo, ni biashara inayoweza kusimama Komanda na Bunia. Itasimama kama mwenye kuianzisha ataelewa kwanza ni kitu gani anakiuza.

Komanda ni njia panda. Barabara ya kitaifa nambari 4, inayotoka Kisangani kupitia Mambasa na kushuka Beni hadi Kasindi, inakutana hapo na nambari 27 inayokwenda Bunia, kilomita kama 75, na kuendelea hadi Mahagi kwenye mpaka wa Uganda. Mahali kama hapo watu wangesubiri hata katika nchi yenye amani. Kwetu wanasubiri zaidi, maana kwa miaka kadhaa magari ya kati ya Komanda na Luna yamekuwa yakipita katika misafara inayosindikizwa na askari, na Septemba 2021 hata msafara wa namna hiyo ulishambuliwa na magari yakachomwa. Saa ya msafara kuondoka haichaguliwi na shoferi. Anaweza kufika alfajiri na kukaa mpaka mchana, kisha akaingia kwenye usukani macho yakiwa mazito, kwenye kipande cha barabara ambacho kosa moja linaweza kusimamisha magari yote yaliyo nyuma yake.

Bunia uchovu ni wa namna nyingine. Dereva wa pikipiki ambaye pikipiki si yake ana kiasi cha kumpelekea mwenyewe kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Anaanza kabla jua halijatoka. Mchana utamwona amejilaza juu ya kiti cha pikipiki, miguu kwenye usukani, kofia usoni. Wapo walinzi na wauguzi waliokesha kazini, na ndugu wa wagonjwa wanaolala sakafuni hospitalini. Wapo pia wamama wa samaki, ambao kazi yao inaanzia Kasenyi. Wavuvi wa Ziwa Albert wanafanya kazi usiku, kwa hiyo mnunuzi lazima awe ukingoni mapema ili samaki wafike Bunia kabla hawajaharibika. Akimaliza kuuza, mama huyo amekuwa macho tangu usiku, na bado ana safari ya kurudi.

Wengine walishaona soko hili zamani. Huko Osaka, Japani, hoteli ya kwanza ya vyumba vidogo kama makabati ilifunguliwa mwaka 1979, mtu analipia nafasi ya kulaza mwili tu. Watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliwapima marubani wa safari ndefu wakaona kwamba usingizi wa dakika kama 26 unarudisha uangalifu wao kwa kiasi kikubwa. Na Ulaya, sheria nambari 561 ya mwaka 2006 inamlazimisha shoferi wa kamio kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Sisi hatuna mtu wa kumsimamia shoferi kwa saa mkononi, lakini dakika 26 hata mfanyabiashara mwenye haraka anaweza kuzipata.

Kuna kikwazo ambacho watu hawapendi kukisema. Kulipia chumba kwa saa si kitu kipya kwetu. Kinaitwa pasaje, na kila mtu anajua kinatumiwa kwa kazi gani. Mama mwenye heshima zake hawezi kuonekana akitoka mahali kama hapo saa nane mchana, hata kama amelala peke yake na miguu inamuuma. Kwa hiyo nyumba tunayoizungumzia isiwe na vyumba vya kufungwa. Iwe ukumbi ulio wazi, wanaume upande wao, wanawake na watoto upande wao, mlango wa kila upande ukionekana kutoka barabarani, na msimamizi wa upande wa wamama awe mama. Hapo hata mume akipita ataona.

Kitu cha pili ni mizigo, na hapa ndipo biashara yenyewe ilipo. Mtu wa Irumu anaweza kulala hata juu ya mawe. Kinachomzuia ni bidoni zake. Nyumba hii kwanza ni depo: mzigo unapokelewa, unahesabiwa mbele ya mwenyewe, anapewa bon yenye namba, na kitu kikipotea nyumba inalipa. Mkeka unafuata baadaye. Afadhali hata kuianzisha pale ambapo watu tayari wanalipa kuchaji simu. Mtu anaacha simu ijae, naye analala karibu nayo.

Tufanye hesabu, ya kukadiria tu. Ukumbi wenye magodoro membamba 12, bei franka 1 500 kwa saa, pamoja na kuchaji simu na maji ya kunawa. Kila godoro likipata watu watatu kwa siku, ni franka 54 000. Humo mtatoka kodi ya nyumba, walinzi wawili, sabuni na maji. Likipata mtu mmoja tu ni franka 18 000, na hapo sioni mwenye nyumba atamlipa mlinzi wa pili na nini. Ndiyo maana hatumshauri mtu akope pesa nyingi ajenge. Akodi ukumbi ambao upo. Likelemba ya wamama wa soko au chama cha waendesha pikipiki wanaweza kuanza bila kungoja mfadhili.

Na usalama? Usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, waasi wa ADF waliwashambulia waumini waliokuwa kwenye mkesha kanisani hapo hapo Komanda, na watu zaidi ya 40 waliuawa. Baada ya hilo, hakuna mwenye akili atakayependekeza kukusanya watu wengi waliolala usiku kando ya barabara. Nyumba ifanye kazi mchana tu, ifunge saa kumi na moja jioni, na iwe katikati ya makazi. Anayekwama usiku ana shida ambayo biashara ndogo haitaiweza; hiyo ni kazi ya jeshi na serikali.

Usafi pia. Ituri ilipitia Ebola kati ya 2018 na 2020, watu walijifunza kunawa mikono kwenye kila bariera. Godoro lifunikwe plastiki inayofutika kwa maji ya dawa baada ya kila mteja, na kila mtu atandike kikwembe chake mwenyewe. Wamama wanacho tayari. Mashoferi watajifunza.

Kwa wakuu wa mji wa Bunia na wa Irumu tuna ombi moja. Nyumba ya namna hii isiandikwe kama hoteli. Ikiandikwa hivyo itatembelewa na kila ofisi yenye daftari la kodi, na kabla ya mwezi kwisha franka 1 500 itakuwa 5 000, na shoferi atarudi chini ya kamio lake. Ipewe patenti ya mfanyabiashara mdogo, kama mgahawa wa kando ya barabara, na ofisi ya usafi ije kuikagua.

Jaribio la miezi mitatu kwenye parkingi moja ya Komanda linatosha. Cha kuangalia siku za kwanza ni upande wa wamama. Wanaume watakuja, hao tunawajua, wanalala popote. Upande wa wamama ukibaki mtupu mpaka mwezi wa pili, basi watu bado wanaiona kama pasaje, na mwenye nyumba abadilishe mlango, msimamizi au mahali kabla ya kuongeza godoro hata moja.